Mzee Mvua asaka kibodi isiyomwamsha mjukuu

Tk.

Kimya kidogo. Mtu anavuta pumzi kwa pua. Kisha tena: tk.

Alfajiri haijapambazuka, na katika nyumba hii ya vyumba viwili sauti hiyo ndiyo ya kwanza kuamka. Ni ndogo kuliko ya kijiko kugusa kikombe. Mzee aliyevaa sweta juu ya nguo za kulalia ameketi kwenye meza iliyosukumwa hadi ukutani. Ameshika kitu kidogo cha plastiki katikati ya vidole viwili na kukisogeza sikioni, kama mtu anayesikiliza iwapo saa yake ya mkono bado inatembea. Anabonyeza. Tk. Halafu anageuza uso kuelekea pazia.

Nyuma ya pazia amelala mjukuu wake wa miaka miwili. Mtoto hajajigeuza.

"Hii inafaa," mzee ananong'ona, na kuiweka upande wa kulia wa meza. Anachukua nyingine. Tak. Nyuma ya pazia godoro linakwaruza. Mzee anafumba macho na kukaa hivyo hivyo, pumzi kaishika. Godoro linatulia. "Hii shenzi," anasema, na kuisukuma upande wa kushoto, wenye rundo kubwa zaidi.

Kitu hicho ni swichi. Chini ya kila kitufe cha kibodi yake inakaa moja, na vitufe vyenyewe vinakaribia tisini. Kwa muda wa majuma mengi sasa amekuwa akizing'oa na kuzichomeka, akitafuta zile zitakazomwacha afanye kazi na watu wa nyumbani kwake walale. Amechoka. Anakiri amechoka.

"Nimewahi kutafuta nyumba, nimewahi kutafuta kazi, nimewahi kutafuta mke," anasema. "Hakuna hata kimoja kilichonizungusha kama hivi vidude."

Majirani wanamwita Mzee Mvua. Jina hilo lina kisa chake.

Kazi yake ni kupiga chapa. Ofisi na vyama mbalimbali hurekodi mikutano yao na kumtumia rekodi jioni. Yeye huvaa visikilizio, akaandika kila neno, ili ofisi zikifunguliwa kumbukumbu ziwe tayari. Hulipwa kwa urefu wa rekodi. Saa moja ya maneno ya watu humchukua saa nne za vidole vyake, na huzidi kama mwenyekiti ana mafua.

"Watu hawasemi, mama. Watu wanatafuna maneno," anamweleza mgeni wake, mwandishi wa habari hii. "Mmoja anaanza, wa pili anamkatiza, wa tatu anakohoa, wa nne anavuta kiti. Mimi ndiye wa kuwatenganisha. Ndiyo maana nafanya kazi barabara ikiwa bado imelala. Nikijaribu mchana, nitamwingiza muuza maji kwenye orodha ya waliohudhuria."

Jioni pia hawezi. Jioni ni zamu ya mjukuu. Binti yake, mama wa mtoto, ni msaidizi wa wauguzi katika wodi ya wazee, na kwa muda mrefu amekuwa akifanya kazi usiku. Babu ndiye anayemlisha mtoto, anamwogesha, anambeba hadi usingizi umchukue. Alfajiri yeye huketi mezani. Binti hurudi jua likianza kutoka, naye anataka kulala. Kati ya meza na vitanda kuna pazia upande mmoja na ukuta wa mbao nyembamba upande mwingine.

Kwenye duka la kuchapisha nyaraka alijaribu. Walimpa kona karibu na mashine ya kunakili, akarudi nyumbani siku hiyohiyo na kichwa kikimuuma.

Kibodi bapa za kawaida nazo hazimdumu. "Miezi mitatu, herufi zimefutika. Miwili mingine, kitufe cha A kimeng'oka," anasema, akionyesha mikono mipana yenye vifundo vilivyotuna. Hivyo alipopata kibodi nzito, imara, kwa mtu aliyekuwa anafunga duka la michezo ya kompyuta, aliibeba nyumbani kama aliyeokota.

Ilikuwa imara kweli. Lakini swichi zake zilikuwa za mlio. Zimetengenezwa makusudi zilie, ka, kama kijiti kinachovunjwa, na Mzee Mvua huvunja vijiti vingi sana kwa dakika moja.

Alfajiri moja jirani wa mlango wa pili, mama anayefua nguo za watu, alisikia mlio ule kupitia ukutani. Aliruka kitandani, akatoka na beseni, akaanua nguo zote za wateja kwenye kamba. Alipomaliza ndipo alipotazama juu. Nyota zilikuwa zimetapakaa mbingu nzima.

"Nilisimama na mashuka ya watu mabegani, nasikiliza hiyo mvua inanyesha wapi," jirani anasimulia, akicheka hadi anashika ukuta. "Nikaenda kugonga kwake. Nikamwambia, mzee, funga mvua yako, mimi nimeanua bure!"

Tangu hapo jina halikumtoka. Kuna jambo jirani huyo analikumbuka ambalo Mzee Mvua mwenyewe halitaji akisimulia kisa hicho. Alitoka na sweta lake na kumsaidia kuanika upya mashuka yote, huyu akivuta ncha hii na yule ile, na kazi yake ikimsubiri mezani.

Lakini jirani anaweza kucheka, maana ana mlango wake. Mjukuu alianza kuamka alfajiri kila siku na kushinda akilia. Binti naye alirudi kutoka kazini, akajifunika mto kichwani, akatoka kitandani na macho mekundu.

Karibu na mlango kuna begi la bluu. Limefungwa zipu hadi nusu. Ndani mna nguo za mtoto, viatu vyake vidogo, na blanketi lake la zamani lenye picha za maua. Mfanyakazi mwenzake binti amepata nyumba yenye chumba cha ziada karibu na hospitali. Wangepokezana zamu na kumlea mtoto kwa zamu. Kabla ya mwezi kuisha anatakiwa atoe jibu.

"Siondoki kwa ugomvi," binti anasema. "Baba ndiye aliyenilelea mtoto, na hajawahi kunikumbusha hata siku moja. Lakini mwili haujui shukrani, unajua usingizi. Nikizidi hivi, kule wodini nitamwogesha bibi mmoja mara mbili na mwingine nimsahau."

Baba yake analisemea begi kama mgeni asiyemtaka. "Hilo linanitazama," anasema. "Nikila linanitazama. Nikipiga chapa linanitazama."

Ndipo akaanza kutafuta swichi.

Mtu aliyemwonyesha njia ni mama anayeuza vipuri vya kompyuta katika kibanda cha mabati nyuma ya soko. Huzipanga swichi zake katika trei za mayai, kila tundu aina yake. Alimweleza kwamba zipo swichi za mlio, zipo za kugota katikati, na zipo za mteremko. Hizi za mteremko hushuka moja kwa moja hadi chini, hazigoti mahali na hazilii. Ndizo zilizomfaa. Zile nzuri kabisa zingemla kipato cha wiki mbili. Lakini zipo za bei nafuu zinazouzwa bila boksi wala jina, na seti nzima ingemgharimu kazi ya siku mbili au tatu.

"Za bei nafuu hazifanani, mzee wangu," mama wa vipuri alimwonya. "Leo nzuri, kesho hao hao wameleta nyingine. Huwezi kuzichagua kwa macho."

"Sasa nizichagueje?"

"Kalale nazo."

Akampa moja ya kila aina, ndani ya bahasha ya vidonge, bila kumtoza kitu. Aliahidi kupokea seti yoyote itakayomshinda, mradi haijavunjwa miguu. Ahadi hiyo, anasema sasa huku akitikisa kichwa, aliitoa kabla hajamfahamu mteja wake.

Mzee Mvua alinunua kwake bodi tupu yenye matundu ya kuchomekea, ambayo swichi huingia na kutoka bila kuchomelewa. Vile vifuniko vyenye herufi alivihamisha kutoka kibodi ya zamani. Rafiki yake seremala akamtengenezea kasha la mbao, akalipiga msasa na vanishi mbili, akakataa malipo. Kibodi ikawa nzuri kama samani ya sebuleni. Kilichobaki ni swichi tu.

Seti ya kwanza ilikuwa nyepesi mno.

Mzee Mvua ana desturi ya kulaza vidole vyake juu ya vitufe anaposikiliza. Kwenye mashine ya chapa ya zamani unaweza kulaza hata kiwiko, herufi haiji mpaka uipige. Swichi hizi zilishuka kwa uzito wa kidole kilichopumzika. Yeye amefumba macho, anamsikiliza mwenyekiti. Chini ya vidole herufi zinamiminika. Kumbukumbu zikaenda ofisini hivyo hivyo. Asubuhi katibu akampigia simu.

"Mzee, hapa mwenyekiti anasema 'napenda kuwashukuru', halafu ni jjjjjjj mistari miwili. Alisinzia?"

"Hapana. Niliyesinzia ni mimi."

"Basi alipoamka alisema nini?"

Zikarudi kwenye trei ya mayai.

Seti ya pili ilikuwa na uzito wa kadiri na haikupiga kelele ya kubisha. Lakini ilikwaruza. Kila kitufe kilishuka kama kinapita kwenye mchanga. Mama wa vipuri alisema dawa yake ni grisi maalumu, chembe ndogo mno, ya kupakwa kwa brashi. Grisi hiyo alikuwa hana wakati ule. Mzee Mvua hakungoja. Aliona kopo la mafuta ya mgando ya mjukuu, yale anayompaka baada ya kumwogesha, akasema mafuta ni mafuta.

"Nilipaka zote, mama. Kwa kijiti cha kuchokolea meno. Nikajisifu."

Kibodi ilinukia kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Vitufe vilishuka vizuri sana, kimya kabisa. Kurudi juu ndiko kulikokuwa kazi. Kitufe cha K kilizama na kukaa humo humo. Vingine vilipanda taratibu, kimoja kimoja, kama wanafunzi walioamshwa asubuhi ya baridi. Alizifungua swichi zote, akazifuta kwa kitambaa na sabuni, akazipanga juani kama dagaa. Mjukuu alikuja kunusa moja na kuitia mdomoni. Siku hiyo mzee hakufanya kazi ya mtu.

"Baba alikasirika hadi akacheka," binti anakumbuka. "Na mtoto hakuwa na mafuta ya kujipaka."

Seti zilizopakwa mafuta hazirudishiki. Mama wa vipuri alizinusa, akazitazama, akamtazama mteja wake.

"Wewe unachagua swichi au unachagua mchumba?"

"Mchumba ningekuwa nimeshampata."

"Asingekubali kupakwa hivi."

Hata hivyo alimpunguzia bei ya seti ya tatu, na akamrudishia pia zile nyepesi za mwanzo, akisema hakuna mwingine aliyezitaka.

Seti ya tatu ilikuwa nzito. Haikukwaruza. Haikuandika yenyewe. Aliposhika moja moja sikioni, haikuwa na sauti. Akazichomeka zote, akaketi, akaanza kazi akiwa na hakika kwamba safari imefika. Na kelele ikawa palepale.

Haikuwa tena mlio wa kijiti. Ilikuwa kishindo kizito, kama mtu anayeshuka ngazi kwa visigino. Kufikia adhuhuri vidole vyake vya mwisho vilikuwa vinauma hadi kwenye kiwiko. Binti alipotoka chumbani alikwenda kwenye begi akaongeza soksi.

"Hapo ndipo nilipotaka kuirusha nje," anasema Mzee Mvua. "Nimetafuta swichi kimya, nimepata swichi kimya, kelele inatoka wapi? Nilimwuliza Mungu. Nilimwuliza mama wa vipuri. Nilimwuliza hata seremala."

Aliyemjibu ni binti yake, wiki iliyopita, aliporudi kutoka zamu na kumkuta ameinamisha kichwa juu ya kibodi. Wote wawili wanalisimulia jambo hilo, kila mmoja akimrekebisha mwenzake.

Binti alivuta kigoda, akaketi, akaweka kiganja chake wazi juu ya meza.

"Piga hapa," akamwambia.

"Nipige nini?"

"Andika jina la mjukuu wako. Kwenye kiganja changu. Kama unavyoandika siku zote."

Mzee akaandika. Kabla hajamaliza, binti alikuwa ameuvuta mkono na kuupuliza.

"Baba! Hivi ndivyo unavyopiga?"

"Kwani hupigwaje?"

"Unampigia nani nakala ya tano?"

Msomaji ambaye hakufanya kazi ofisini miaka ya zamani huenda asielewe. Mzee Mvua alijifunza kazi kwenye mashine ya chuma. Karatasi tano zilipangwa pamoja, na kati yake karatasi za kaboni, ili barua moja itoe nakala zote kwa mara moja. Herufi ilitakiwa ipenye hadi ya mwisho. Msimamizi wao aliacha ya kwanza mezani na kuipandisha ya tano dirishani. Isiposomeka, unarudia zote.

"Nimepiga hivyo tangu sijaoa," anasema. "Ile mashine ilishauzwa chuma chakavu. Kaboni siku hizi hata dukani hawaijui. Lakini vidole havikupata taarifa."

Binti yake amekua akisikia hadithi za nakala ya tano. Alikumbuka pia anavyofundisha wasaidizi wapya wodini kutafuta mapigo ya moyo kwenye kifundo cha mkono. Wengi hubonyeza kwa nguvu wakidhani ndiyo watasikia zaidi, kumbe wanauziba mshipa.

"Nilimshika mkono nikamwambia, tafuta mapigo yangu," anasema binti. "Mara ya kwanza hakuyapata. Nikamwambia, legeza. Legeza tena. Akayapata."

"Nikamwuliza kwa nini yanaenda mbio," babu anaingilia.

"Nikamwambia ni kwa sababu sijalala!"

Tangu siku hiyo Mzee Mvua anajifunza kupiga chapa upya, katika umri ambao wenzake wanajifunza kukaa. Tatizo la swichi za mteremko, anasema, ni kwamba hazikuambii herufi imeingia lini. Imeingia nusu ya njia, lakini kidole hakijui, kinaendelea hadi chini kuhakikisha.

"Binti ananiambia nitazame kioo cha kompyuta. Nikitazama kioo, masikio yanafunga. Ni lazima nimwamini huyu mdudu kwamba amenisikia. Na mimi kumwamini mtu aliyenisumbua hivi si kazi ndogo."

Ndiyo sababu ya marundo mawili mezani alfajiri hii. Vidole vyake havina nguvu sawa. Vya shahada ni kama nyundo, vya mwisho vinauma. Basi ameamua kuchanganya. Swichi nzito za seti ya tatu zitakaa chini ya vidole vyenye hasira, zivizuie. Nyepesi za seti ya kwanza zitakaa pembeni, chini ya vidole vidogo, ambavyo havina desturi ya kulala juu ya vitufe. Za katikati ni zile za pili, zilizooshwa. Mama wa vipuri alimtafutia grisi yenyewe na kumwekea katika kizibo cha chupa. Seti zote tatu zilizomtesa sasa zinafanya kazi nyumba moja. Anazijaribu moja moja kwanza, mwamuzi akiwa ni mtoto aliyelala.

Dirisha linaanza kuwa la kijivu. Mzee Mvua anachomeka swichi ya mwisho, anavika vifuniko vya herufi, anaweka kibodi mbele yake. Anakunja na kukunjua vidole. Anavaa visikilizio. Anaanza.

Swichi hazisikiki kabisa. Kinachosikika ni meza.

Du, du, du-du, du. Ni kasha la seremala. Lile sanduku zuri la mbao, lililo tupu ndani, linapokea kila kidole na kukitangaza. Mzee Mvua anavua visikilizio na kuvitupa shingoni.

"Sasa hili! Nimezinyamazisha swichi, sanduku nalo limejifunza kusema!"

Ukuta unagongwa kutoka upande wa pili. "Mzee Mvua!" sauti ya jirani inaita. "Leo nianue, au ni ngurumo za mbali tu?"

"Anika, jirani! Ni ngurumo za mbali!"

"Mungu akusaidie, zisogee mbali zaidi!"

Nyuma ya pazia mtoto analalamika kidogo. Wakati huohuo mlango unafunguliwa na binti anaingia, viatu vyake vya kazi mkononi ili hatua zake zisisikike. Ni jambo dogo, kuvua viatu nje ya mlango wako mwenyewe baada ya kusimama usiku kucha. Anamwamkia mgeni, anamwamkia baba yake, halafu anasimama kumtazama.

"Shikamoo baba. Endelea. Piga nisikie."

"Marahaba. Usisikie. Kalale, mwanangu, nitaacha. Nitaandika kwa kalamu."

"Piga."

Anapiga. Du, du-du. Binti anainama, anaweka sikio karibu na kasha kama anavyofanya na vifua vya wazee wake. Kisha anaenda mlangoni, anapiga magoti, anafungua zipu ya begi la bluu. Anasukuma nguo na soksi pembeni, anatoa lile blanketi dogo lenye maua.

"Hilo la mtoto," babu anasema.

"Limemwia fupi. Miguu inabaki nje."

"Si ulikuwa umelifungasha?"

Binti anachukua mkasi kwenye kopo la kalamu na kulikata blanketi katikati, kwa mkato mrefu ulionyooka. Mzee Mvua ananyoosha mkono kama wa kumzuia, halafu anaurudisha. Anachukua bisibisi na kufungua kasha.

Wanafanya kazi pamoja, mmoja akishika na mwingine akikaza. Nusu moja ya blanketi inakunjwa na kulazwa ndani ya kasha, chini ya bodi. Nusu ya pili inatandikwa mezani. Maua mawili yametokeza pembeni.

Mzee Mvua anajaribu tena. Safari hii sauti ni kama ya mtu anayetembea pekupeku katika chumba kingine. Anaandika mstari mzima, na wa pili. Kitu kimoja tu ndicho kinachobisha, kile kitufe kirefu cha kuachia nafasi, anachokipiga kwa kidole gumba kama mtu anayefunga mlango.

"Hicho kirefu bado," binti anasema.

"Hicho nitakikomesha."

"Usikikomeshe, baba. Kiguse." Anapiga miayo hadi machozi yanamtoka. Anapoelekea chumbani anajikwaa kwenye begi lililo wazi. Analitazama kidogo. Kisha analisukuma kwa mguu, mara moja, mara ya pili, mpaka linaingia uvunguni mwa kitanda cha mtoto.

"Linaziba njia," anasema, na kushusha pazia.

Baba yake anabaki ametazama pale begi lilipokuwa. Sakafuni kuna alama ya vumbi ya mstatili. Anainuka, anachukua ufagio mfupi, anapafagia.

Akiulizwa anatarajia nini sasa, anajibu kwa sauti ya chini kwamba atatafuta swichi moja nzito kupita zote kwa ajili ya kile kitufe kirefu. Mama wa vipuri ameshamtumia ujumbe kwamba zipo, na kwamba akija asije na mafuta ya mtu. Anataka pia kurudisha kazi za vyama viwili alivyoviacha wakati wa fujo za swichi. Na ana tumaini jingine, ambalo analisema akiwa ameelekeza macho kwenye kioo, kama anasomea mtu mwingine.

"Natamani huyu mtoto akue, siku moja aulizwe babu yako alikuwa anafanya kazi gani, aseme hajui. Aseme, mimi kila nikiamka nilimkuta amekaa tu."

Upande wa pili wa ukuta wa mbao, alikolala binti, kunasikika mkoromo mwepesi. Mzee Mvua anainua kidole, uso wake umefunguka. "Huyo," ananong'ona. "Huyo ndiye mtihani wenyewe."

Anamsindikiza mgeni hadi kizingitini, akiwa amevua kandambili. Nje jirani anaanika mashuka, na jua linaanza kuyapita.

"Uje tena, mama," anasema. "Lakini uje alfajiri, kama leo. Ukifika mlangoni ukaona kimya, ukadhani wenyewe tumehama, hapo ndipo ubishe. Ubishe polepole."